Je, wajua kwa nini mparachichi uliojaa maua huweza kukosa matunda?

Katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vya Kibosho, Machame na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, si ajabu kukuta mparachichi mkubwa, wenye majani yanayong'aa na afya isiyotiliwa shaka, ambao kila msimu huchanua hadi matawi yakabadilika rangi, kisha maua karibu yote yakaanguka na kufagiliwa pamoja na majani makavu ya migomba. Mwenye mti akiulizwa, mara nyingi hujibu kwamba huo ni mti dume. Jibu hilo lina asili yake, kwa kuwa mipapai kweli ina miti dume na miti jike. Mparachichi, hata hivyo, hauna mgawanyo huo. Kila ua lake lina viungo vya kiume na vya kike, ila viungo hivyo havifanyi kazi kwa wakati mmoja.

Ua la parachichi hufunguka mara mbili katika uhai wake. Mara ya kwanza hufunguka likiwa jike: ncha ya kupokelea chavua huwa tayari, lakini vifuko vya chavua bado vimefungwa. Baada ya saa chache ua hujifunga, na siku inayofuata hufunguka tena likiwa dume, likitoa chavua wakati ncha ile imekwisha kupoteza uwezo wa kuipokea. Tena ratiba hiyo hutofautiana kulingana na aina ya mti. Maua ya Hass, ambayo ndiyo aina inayotafutwa zaidi na wanunuzi wa kuuza nje, huwa jike asubuhi na kurudi yakiwa dume alasiri ya kesho yake. Maua ya Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hufuata mpangilio wa kinyume, yaani huwa jike alasiri na dume asubuhi. Kwa hiyo asubuhi moja, Fuerte ina chavua wakati Hass inaihitaji, na ikifika alasiri miti hiyo hubadilishana nafasi. Ubaridi na mawingu huvuruga saa hizo, na ndiyo maana hata Hass iliyopandwa peke yake kwenye miteremko ya Kilimanjaro huzaa kiasi fulani, kwa sababu baadhi ya maua yake hukutana yakiwa katika hali mbili tofauti.

Kukutana huko, hata hivyo, hakutoshi bila mbebaji. Chavua ya parachichi hunata, na upepo huibeba kwa shida sana. Ni lazima mdudu aliyepita kwenye ua dume apite pia kwenye ua jike katika saa zilezile chache. Hapa ndipo nyuki wa asali anapokuwa na manufaa makubwa. Mwili wake umefunikwa kwa vinyweleo vyenye matawi madogo ambavyo hunasa chavua bila yeye kukusudia, na anapotoka mzingani huelekea kubaki kwenye aina moja ya maua kwa safari nzima. Mdudu anayerukia boga, kisha mbaazi, kisha parachichi, hupoteza chavua njiani. Nyuki aliyeanza na parachichi huendelea na parachichi. Ua likiwa jike halina chavua ya kumpa, ila lina maji matamu, na hayo ndiyo humfanya aliguse.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa mizinga hawalisemi sana: nyuki wa asali hawapendi sana maua ya parachichi. Mti huu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako maua yake yalizoea nyuki wadogo wasiouma, nyigu na nzi, karne nyingi kabla ya nyuki wa asali kufikishwa huko na Wazungu. Maji yake matamu yana madini mengi na sukari ya pekee iitwayo perseitoli, na nyuki wakipata chakula kingine kizuri zaidi karibu, huondoka. Katika kihamba, chakula hicho kingine kinaweza kuwa mgrevilea, mti uliopandwa ili kuipa kahawa kivuli, ambao maua yake hutiririsha utamu mwingi. Ndiyo sababu mzinga mmoja pembeni mwa shamba huweza usionekane kuleta tofauti yoyote, na ndiyo sababu mapendekezo mengi kwa shamba la parachichi hutaja mizinga miwili au mitatu kwa ekari. Wingi wa nyuki huwalazimisha baadhi yao kwenda kwenye ua ambalo wasingelichagua.

Hata hapo mkulima asitarajie kila ua liwe tunda. Mparachichi mkubwa huweza kutoa maua yapatayo milioni moja, ukakomaza matunda mia chache tu. Mengine huanguka kwa sababu mti hauna chakula wala maji ya kuyalisha. Nyuki hawezi kuziba pengo la mbolea.

Mazao mengine ya kihamba yana haja tofauti kabisa. Ndizi hukua bila kuchavushwa, na tunda la namna hiyo halina mbegu, kama ajuavyo kila mla mtori. Mahindi hutumia upepo. Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe, lakini nyuki huiongezea uzito: utafiti uliofanywa kwenye kahawa ya miteremko ya Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba pale maua yalipotembelewa na nyuki, uzito wa matunda uliongezeka kwa asilimia 7 hivi. Mkulima mdogo anaweza kuiona asilimia 7 kuwa ndogo hadi siku ya mizani.

Maboga, matango na matikitimaji ndiyo yanayotegemea wadudu kupita yote, maana ua dume na ua jike hukaa mbalimbali kwenye mmea uleule, na ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Ua jike linatambulika kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Likitembelewa mara chache, chavua huwa haba, mbegu hutungwa upande mmoja, na tango hukua limepinda au limekonda kwenye ncha. Wengi hudhani huo ni ugonjwa, wakaongeza dawa, na dawa ikaua nyuki waliobaki.

Nyanya ni kisa kingine. Chavua yake imo ndani ya mirija inayotoboka kwenye ncha, na hutoka ikitikiswa. Shambani upepo hufanya kazi hiyo. Ndani ya kitalu nyumba, kama vilivyo vingi pembezoni mwa Arusha, upepo haupo, hivyo wafanyakazi hutikisa kamba zinazoshikilia miche. Ulaya walipata njia nyingine mwishoni mwa miaka ya 1980, walipoanza kufuga nyuki wanene wenye manyoya wa jenasi Bombus, ambao hulishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mbawa. Nyuki hao hawana asili katika Afrika kusini mwa Sahara, na kwa maoni yangu ni heri wasiletwe. Chile iliwaingiza wale wa Ulaya katika miaka ya 1990. Walivuka milima ya Andes hadi Argentina, na nyuki mkubwa wa asili wa huko, Bombus dahlbomii, akatoweka katika maeneo mengi. Sisi tunao nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao kavu, ambao nao wanajua kutetemesha ua, na ambao pia huchavusha pasheni vizuri kuliko nyuki wa asali. Kuwatunza ni kuwaachia magogo makavu pembeni mwa shamba, ingawa mwenye paa la mbao hatafurahi kusikia hivyo.

Huko California, mizinga zaidi ya milioni moja hupakiwa kwenye malori kila Februari na kupelekwa kwenye mashamba ya lozi, kisha ikaondolewa maua yakiisha. Utaratibu huo hauwezi kuigwa hapa kama ulivyo, kwa sababu nyuki wa Kiafrika ni wakali, na wakisumbuliwa au wakikosa chakula huhama wote na kuacha masega matupu. Mkulima wa Moshi kwa kawaida hufanya kinyume: hutundika mzinga mtupu uliopakwa nta miezi kadhaa kabla ya maua, akasubiri kundi liingie lenyewe. Anayehamisha mzinga wenye nyuki hufanya hivyo usiku, na huufikisha shambani maua ya kwanza yakiwa yamekwisha kufunguka. Akiwahi, nyuki huzoea maua ya jirani na kulisahau shamba lake.

Kihamba kinachopakana na nyumba, watoto na mbuzi wa zizini hakifai kwa mzinga wa nyuki wakali. Hapo wanafaa nyuki wadogo wasiouma, wale ambao asali yao huuzwa kwa bei kubwa kama dawa. Wanakaa katika kisanduku kidogo chini ya ukingo wa paa, na hawaruki mbali, hivyo kazi yao hubaki karibu na nyumbani. Makundi yao ni madogo, kwa hiyo visanduku vinahitajika kadhaa.

Nyuki wa asali, kinyume chake, huruka kilomita mbili au tatu bila taabu, na katika eneo hilo vihamba vya watu wengi hupakana. Mmoja akipulizia kahawa au nyanya zake saa tatu asubuhi, nyuki wa jirani hufia kwenye maua au hurudi na sumu mzingani. Anayelazimika kupulizia dawa asubiri giza lianze kuingia, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi, na ampashe habari mwenye mizinga siku moja kabla.