Helmeti haifanyi kichwa kuwa nyundo

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozunguka kwenye magrupu: ati katika futiboli ya Marekani (si soka, bali mchezo wa kubeba mpira mkononi na kuangushana), mlinzi hodari hufundishwa kumwangusha mpinzani kwa kichwa, kwa kuwa helmeti huzuia ubongo usitikisike. Si kweli.

Kazi kubwa ya helmeti ni kuzuia fuvu lisipasuke. Ubongo umo ndani ya majimaji. Kichwa kikisimama ghafla, wenyewe huendelea kwenda na kujigonga kwenye fuvu. Sponji ya ndani ya helmeti haiwezi kuzuia hilo kabisa. Shingo ndiyo ya kuogopesha zaidi: ukiinamisha kichwa, pingili zake hunyooka na kubeba kishindo chote. Ndiyo maana mwaka 1976 sheria za sekondari na vyuo vya Marekani zilipiga marufuku kugonga kwa kichwa. Makocha hufundisha kutumia bega, macho juu.

Mkanganyiko unaeleweka, maana video fupi huchagua vishindo tu. Ukitaka kuhakiki, soma onyo lililobandikwa kwenye helmeti yenyewe: haizuii majeraha yote ya kichwa na shingo. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa kwenye grupu lenye vijana wanaocheza.