Albamu ya matunzo ya wazee: maana yake na namna ya kuisoma

Albamu ya matunzo ni mkusanyiko wa picha unaoonyesha mahali anapoishi mzee na namna anavyosaidiwa, tangu anapoamka hadi anapolala. Makazi ya wazee, kama ya Nunge kule Kigamboni, yanaweza kuwa nayo. Hata chumba cha uani Tandika alikohamia bibi kutoka Lindi kinafaa kuwa na yake, ikatumwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Picha zinahitajika kwa sababu neno "matunzo" limebeba mengi mno. Ukimwambia shangazi kwamba mama atakaa penye uangalizi, yeye husikia "mmemtupa". Nimewahi kuona kikao cha familia kikivunjika kwa neno hilo tu, kabla hata mtu hajauliza mama atalala wapi.

Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo cha mambo 6 ya kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kuketi, kujizuia haja, na kula. Mzee anayeyamudu yote huenda akahitaji tu mtu wa kumjulia hali. Anayeshindwa mengi anahitaji mtu karibu usiku na mchana. Albamu nzuri inajibu yote 6.

Mimi huanza na picha ya choo. Kiko ndani, au mpaka avuke uwanja gizani? Ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mwenye magoti mabovu akichuchumaa, kuinuka ni kazi. Tazama ukutani: kuna bomba la kushikia lililofungwa imara, au ni kining'inizio cha taulo kitakachong'oka akikiegemea? Kizingiti kina kimo gani? Sakafu ni marumaru ya kuteleza? Nyuso zinazotabasamu getini hazijibu hata swali moja kati ya haya.

Harufu na kelele hazipigwi picha, kwa hiyo kufika ni lazima. Na kwa kuwa picha nyingi hupigwa mchana, omba ya mahali anapolala mhudumu wa zamu, uone ni hatua ngapi hadi kwenye kitanda cha mzee.

Kisha kuna stara, na hapa sina mjadala. Bafu lipigwe picha likiwa tupu. Mzee asipigwe picha akiogeshwa wala akibadilishwa nepi, hata kama mwanawe ameruhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu, za afya zikiwamo, lakini heshima ya mzee ilitangulia sheria. Aulizwe mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, na aonyeshwe picha kabla haijatumwa. Bibi mwenye usahaulifu akikubali leo, kesho akaiona simu na kujifunika kanga usoni, amekataa. Zifute picha zake, upige ya kitanda chake kilichotandikwa.