impl Trait siyo "rudisha chochote", jamani

Juzi tena nimeletewa kodi ile ile ya Rust (lugha ya programu), sijui mara ya ngapi sasa: mtu kaandika `fn namba<T: Iterator<Item = u32>>() -> T`, ndani anarudisha `vec![1, 2, 3].into_iter()`, kompaila inamtupia E0308 (kosa la taipu kutolingana), halafu yeye anasema Rust ina bagi. Haina.

Dhana potofu yenyewe ni kwamba jeneriki (ile `T`, nafasi ya taipu itakayochaguliwa) na `impl Trait` (taipu isiyotajwa jina, ila ina uwezo ulioorodheshwa na trait hiyo) ni kitu kimoja, ya pili fupi tu. Kwenye parameta, sawa, karibu ni kitu kimoja, hata mi naandika `impl` hapo nikiwa mvivu (ila hutaweza kuitaja taipu kwa `::<>`). Kwenye kinachorudishwa ni kinyume kabisa. Jiulize tu, nani anachagua taipu? Ukiandika `T`, anayeita fanksheni ndo anachagua, leo anataka `Range<u32>`, kesho kitu kingine, na wewe umeshaahidi utampa atakayoitaja yeye, sasa mbona unamletea `IntoIter`? Ukiandika `-> impl Iterator<Item = u32>`, mchaguzi ni wewe mwenye fanksheni, yeye anajua ni iterata (kitu kinachotoa thamani moja moja) basi. Ndo maana kloja (fanksheni zisizo na jina) tunazirudisha hivi, manake taipu yake haina jina unaloweza kuandika. Na hii ipo tangu Rust 1.26 ya 2018, siyo ngeni!

Ukishamwelewesha anarukia upande wa pili: aa, kumbe naweza kurudisha chochote. Huwezi. Taipu imefichwa lakini ni moja, na kompaila inaijua vizuri tu. `if` ikirudisha `filter` na `else` ikarudisha `map`, unakataliwa. Weka `Box<dyn Iterator<Item = u32>>` uendelee na kazi: `dyn` inaacha taipu halisi ijulikane programu ikiwa inaendeshwa, na `Box` inaiweka kwenye hipu (kumbukumbu inayoombwa programu ikiendeshwa).

Eti `dyn` ni polepole. Kupitia jedwali la methodi kuna gharama, ndogo, na mara nyingi kompaila inashindwa kuipachika methodi pale pale, ila kama fanksheni yako inasoma faili hutaisikia. Pima kwanza ndo uje kulalamika. Kwani jeneriki ni bure? Kila taipu unayoitumia inatengenezewa nakala yake, bainari inanenepa na wewe unasubiri kukompaili.

Na wale wa "dyn lazima Box", hapana, `&dyn Trait` inatosha, ni pointa mbili, baiti 16 kwenye mashine ya biti 64, na hakuna kinachoongezwa kwenye hipu.