Msaada wa mvuto: vyombo vya anga vinavyodandia sayari

Mtu akikuambia chombo cha anga Voyager 2 kilifika Neptuni kwa kudandia, usimcheke. Ndivyo kilivyofika.

Aliyewahi kutoka Pongwe kwa baiskeli kuja Tanga mjini anaujua mchezo. Lori linapita taratibu, unalishika nyuma kwa mkono mmoja, miguu inapumzika. (Ni hatari, na trafiki akikuona umekwisha.) Sasa lori lilelile likiwa limeegeshwa, lishike hata kwa mikono miwili, hupati kitu. Kinachokubeba ni mwendo wake.

Msaada wa mvuto ndio huo, ila pahala pa mkono pana mvuto wa sayari. Hapa wengi hukosea. Hudhani chombo huongeza kasi kwa sababu tu Mshtarii inakivuta. Kweli, kikiikaribia kinaporomoka kwa kasi, lakini kikiondoka mvuto uleule unakirudisha nyuma, na deni lote linalipwa. Ukipima ukiwa Mshtarii, kasi ya kuingia na ya kutoka ni sawasawa. Kilichobadilika ni uelekeo tu. Faida inatoka kwingine: Mshtarii yenyewe inalizunguka Jua kwa takriban kilomita 13 kwa sekunde. Chombo kikipita nyuma yake, hupindishwa kuelekea inakokwenda sayari, na sehemu ya mwendo ule kinaondoka nayo bila kuchoma mafuta. Mshtarii nayo hupungukiwa, lakini kama dereva wa lori anavyopungukiwa kwa baiskeli moja. Kikipita mbele yake, mambo hugeuka: kinapunguzwa kasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 sayari kubwa za nje zilikaa mkao unaojirudia kila baada ya miaka 175 hivi, malori manne kwenye njia moja. Voyager 2 iliruka Agosti 1977, ikapita Mshtarii 1979, Zohali 1981, Uranusi 1986 na Neptuni 1989. Miaka 12, kwa safari ambayo bila kudandia ingekula kama 30.

Mimi lakini navutiwa zaidi na Cassini, chombo kilichotumwa Zohali. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 5, na roketi ya kuirusha moja kwa moja hadi Zohali haikuwepo. Basi mwaka 1997 ikaelekezwa ndani, upande wa Jua, kwenye Zuhura, ikaipitia mara mbili, ikarudi kupita Dunia, kisha Mshtarii, ikafika Zohali 2004. Huko ikaanza kuudandia mwezi mkubwa, Titan, zaidi ya mara 120. Kila ilipoupitia, njia yake ilipinda: leo kwenye pete, kesho juu ya ncha za Zohali. Mafuta yake kidogo yalikuwa ya kurekebisha tu. Usukani ulikuwa Titan.

Septemba 2017 mafuta yalipokaribia kwisha, Cassini ikaupitia Titan kwa mbali mara ya mwisho. Safari hii mwezi uliipunguza kasi, na siku nne baadaye ikazama ndani ya Zohali.