Ruzuku ya mafunzo ya usalama na afya migodini: ni fedha gani, na humfikia nani

Ruzuku ya mafunzo ya usalama na afya migodini ni fedha ambazo serikali hutenga ili mchimbaji afunzwe kujikinga kabla hajashuka shimoni au kusimama chini ya ukuta wa timbo. Humlipa mkufunzi, hununua vifaa vya mazoezi, huchapisha vitabu, hugharamia gari la kulifikisha darasa kwenye mgodi ulio mbali na mji. Si mkopo, kwa hiyo hairudishwi. Si fidia pia, maana fidia huja mtu akishaumia au akishafariki. Anayepewa ruzuku, kiwe chuo, idara ya serikali au shirika lisilo la faida, hutoa hesabu: amewafunza watu wangapi, wapi, na amewafunza nini.

Mkazi wa Nairobi anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini, ikiwa dhahabu iko Migori na magadi yako Kajiado. Autazame ukuta wa ploti anayoishi. Mawe mengi ya kukatwa kwa mashine hutoka Ndarugo, karibu na Juja, na kokoto hutoka matimbo ya Mlolongo na mengine ya pembezoni mwa jiji. Timbo ni mgodi. Sheria ya Madini ya 2016 inayahesabu madini ya ujenzi pia, na hatari zake ni zile zile za migodi mingine: ukuta unaomeguka, baruti iliyochelewa kulipuka, mkanda wa mashine usio na kinga, na vumbi. Vumbi ndilo linalodharauliwa kuliko yote kwa sababu haliui siku hiyo. Jiwe likikatwa kavu hutoa unga wenye silika, madini yaliyomo ndani ya mawe mengi. Unga huo ukiingia mapafuni mwaka baada ya mwaka huacha makovu yasiyopona, ugonjwa uitwao silikosisi, na mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kifua kikuu kina dawa. Makovu hayana. Kumwagia maji msumeno wakati wa kukata hakugharimu sana, lakini kijana aliyefika timboni wiki iliyopita hatafanya hivyo mpaka mtu amweleze kwa nini.

Mfano unaotajwa mara nyingi wa ruzuku hii ni wa Marekani, na inafaa kuuangalia kwa makini kwa sababu umeandikwa ndani ya sheria, haungoji huruma ya waziri. Novemba 1968 mgodi wa makaa ya mawe wa Farmington, jimbo la West Virginia, ulilipuka na kuua watu 78. Mwaka uliofuata Bunge lao lilipitisha sheria kali ya migodi ya makaa, na ndani yake mkawa na kifungu cha kuyapa majimbo fedha za mafunzo. Mwaka 1977 sheria ilipanuliwa ikafunika migodi yote, hadi machimbo ya mchanga na kokoto. Fedha hizo husimamiwa na idara ya usalama migodini iitwayo MSHA, iliyo chini ya wizara ya kazi. Katika miaka ya karibuni zimekuwa zaidi kidogo ya dola milioni 10 kwa mwaka, zikigawanywa kwa majimbo mengi. Serikali kuu hailipi kila kitu: mchango wake hauruhusiwi kuvuka asilimia 80 ya gharama, na zinazobaki hutoka kwa jimbo lenyewe. Aliyebuni sharti hilo alijua watu. Mwenye kutia fedha yake kwenye darasa hufuatilia kama darasa limefanyika.

Pembeni ya ruzuku hiyo kuna nyingine ndogo zaidi, Brookwood-Sago, iliyoanzishwa na sheria ya 2006. Inabeba majina ya mahali pawili pa maafa. Brookwood, Alabama, Septemba 2001, walikufa 13, wengi wao wakiwa wamekwenda kuwaokoa wenzao baada ya mlipuko wa kwanza. Sago, West Virginia, Januari 2006, walikufa 12. Mmoja aliyetoka hai Sago alieleza kwamba baadhi ya vifaa vya kupumulia havikuwafanyia kazi wenzake, na sheria iliyofuata ikakaza mafunzo ya kuvitumia. Ruzuku hii huelekezwa hasa kwa wafanyakazi wa migodi midogo, ambayo haina afisa wa usalama wa kudumu wala chumba cha darasa.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Wakisikia serikali inalipia mafunzo, hudhani mwenye mgodi ametuliwa mzigo. Hapana. Marekani wajibu wa kumfunza mchimbaji unabaki kwa mwenye mgodi: saa 40 kwa mgeni anayeingia mgodi wa chini ya ardhi, saa 24 kwa mgeni wa mgodi wa juu ya ardhi, kisha saa 8 za kukumbushwa kila mwaka. Mafunzo hufanyika saa za kazi, na mchimbaji hulipwa ujira wake wa kawaida akiwa amekaa darasani. Ruzuku humfanya mwalimu apatikane kwa bei nafuu au bure. Muda wa mfanyakazi hulipiwa na tajiri wake. Kwa hiyo mafunzo yana gharama mbili, ya mwalimu na ya muda, na mpango unaolipia mwalimu ukasahau muda utaishia kwenye viti vitupu.

Kinachofundishwa kimetajwa ndani ya sheria hiyo hiyo. Cha kwanza katika orodha ni haki za mchimbaji kisheria, kabla ya kifaa cha kupumulia, njia za kutorokea, hewa, paa la mgodi, umeme na huduma ya kwanza. Napenda mpangilio huo. Mtu asiyejua kwamba anaweza kulalamika bila kufukuzwa ataliona paa linalopasuka, atanyamaza, na ataendelea kuchimba.

Je, mafunzo hayo yamepunguza vifo? Mwaka 1978 migodi ya Marekani iliua watu 242. Tangu 2011 idadi haijafika 50 kwa mwaka. Ila tusiyape mafunzo sifa yote. Kazi ya makaa imepungua, mashine zimechukua nafasi ya watu, na wakaguzi huingia kila mgodi wa chini ya ardhi angalau mara 4 kwa mwaka. Darasa bila mkaguzi ni maneno tu.

Turudi nyumbani. Kenya haina mfuko wa aina hiyo unaopeleka ruzuku moja kwa moja kwenye mafunzo ya usalama migodini. Tulicho nacho ni wajibu, na tozo.

Wajibu uko kwenye Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi, nayo husimamiwa na kurugenzi ya serikali ya usalama na afya kazini, inayojulikana kwa kifupi kama DOSHS. Kanuni za 2004 zinataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Sheria ya Madini nayo ina kanuni zake za 2017 kuhusu ajira na mafunzo, ambazo kwa kampuni kubwa yenye leseni hazina utata mwingi.

Tozo ndiyo inayokaribiana na ruzuku. Kila mwajiri hudaiwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, yaani Sh600 kwa mwaka, ziende NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Haikatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri aliyelipa akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Kampuni ya kokoto yenye watu 40 hulipa Sh24,000 kwa mwaka. Kuna kampuni hulipa miaka nenda miaka rudi bila kudai hata senti, wakidhani ni ushuru kama ushuru mwingine. Ombi hupelekwa kabla mafunzo hayajaanza, na mkufunzi awe ameandikishwa na NITA. Mhasibu anayekumbuka hayo risiti ikiwa tayari mkononi amechelewa.

Afrika Kusini nayo hutumia tozo, ila hukata kwa asilimia: mwajiri ambaye mishahara yake inavuka randi 500,000 kwa mwaka hulipa asilimia 1 ya mishahara hiyo, na sekta ya migodi ina mamlaka yake, Mining Qualifications Authority, inayorudisha sehemu ya fedha hizo kama ruzuku ya mafunzo. Tofauti na Sh50 zetu ni kwamba asilimia hupanda mishahara inapopanda. Sh50 haijui bei ya unga imefika wapi.

Lakini tozo yoyote, ya shilingi au ya asilimia, husimama juu ya kitu kimoja: orodha ya mishahara. Hapo ndipo pana shida yetu. Kijana anayepakia mawe Ndarugo hulipwa kwa lori analopakia. Anayechonga hulipwa kwa kipimo cha mawe aliyochonga. Leo yuko timbo hili, Alhamisi yuko lile la ng'ambo ya bonde, na jina lake haliko kwenye daftari la mwajiri yeyote. Hakuna anayemlipia Sh50, kwa hiyo hakuna cha kumdaia. Sheria ya 2007 inasema mwajiri amfunze. Mwajiri ni nani hapo: mwenye shamba, aliyekodi timbo, mwenye mashine au mwenye lori? Ukiuliza, kila mmoja atakuelekeza kwa mwenzake. Na hata mkufunzi wa bure akija asubuhi, kwa kibarua huyu siku ya darasa ni siku isiyo na mawe, na siku isiyo na mawe haina chakula cha jioni. Ile gharama ya pili, ya muda, yeye huilipa kutoka mfukoni mwake.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Migori, Kakamega, Vihiga na Siaya wako katika hali hiyo hiyo, na mashimo yao ni marefu zaidi. Desemba 2021 shimo la Abimbo, huko Bondo, liliporomoka, na mchimbaji mmoja akabaki chini kwa miezi mingi kabla mwili wake haujatolewa. Kuna pia pampu ya petroli inayoshushwa shimoni kutoa maji, ikajaza humo gesi ya sumu isiyo na harufu. Kuna zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, inayochomwa juu ya jiko palipo na watoto. Baadhi ya mafunzo kuhusu zebaki yamefika kule kupitia miradi ya wafadhili wa kimataifa kama planetGOLD. Ni kazi njema, ila mradi una tarehe ya kwisha, na vijana wapya huingia shimoni kila msimu.

Ndiyo maana naona ruzuku, kwa maana ya fedha za umma zisizotegemea orodha ya mishahara, inafaa kuanzia kwa watu hawa. Kampuni kubwa zina uwezo na zina wajibu, na serikali ikizilipia mafunzo inazipa zawadi. Wa kufikiwa ni asiye na tajiri wa kumshtaki. Fedha zinaweza kutoka wapi? Kwa Sheria ya Madini, mrabaha, yaani malipo ambayo mwenye leseni hutoa kwa madini anayochimba, hugawanywa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi palipo na madini. Lori la mawe nalo hutozwa ushuru wa kaunti likitoka timboni. Sheria hiyo haijafunga hata sehemu ndogo ya mrabaha kwa ajili ya mafunzo ya usalama, na kaunti haihitaji kungoja Bunge ili itenge kiasi fulani kwenye bajeti yake.

Mwalimu pia hatafutwi mbali. Marekani sehemu ya ruzuku za majimbo huishia kwenye vyuo, ambavyo huwatuma wakufunzi hadi migodini. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kiko Juja na kinafundisha uhandisi wa migodi, safari fupi tu kutoka matimbo ya Ndarugo. Wahandisi wanafundishwa upande huu, mawe yanakatwa upande ule, na mhadhiri anayefundisha uthabiti wa miamba anaweza kuona vumbi la timbo akiwa njiani kwenda kazini.

Kwa kundi la wachimbaji linalotaka kupokea fedha za aina hii, ziwe za kaunti au za mfadhili, hatua ya mwanzo ni ya makaratasi. Ruzuku haipewi mtu mmoja mmoja aliye shimoni. Hupewa chama, ushirika au taasisi yenye akaunti ya benki na uandikishaji. Wachimbaji wadogo wanaweza kuomba kibali cha uchimbaji mdogo kupitia ofisi ya madini ya kaunti yao na kujiunga kwenye ushirika, na kibali hicho ndicho kitakachoulizwa kwanza. Katika ombi lao la fedha, pamoja na posho ya mkufunzi, kofia ngumu na barakoa, waandike na mstari wa kuwalipa wanafunzi siku waliyopoteza. Mfadhili akiukata, watajua mapema darasa litakuwa na watu wangapi.