Mbwa Mzee Anayechechemea: Kuchua Kuanzie Mabegani

Juni na Julai, baridi ya Arusha inapokolea, mbwa wengi wa ulinzi waliozeeka huamka miguu ya nyuma imekaza. Huinuka kwa kujivuta, na huchukua hatua kadhaa kabla ya kunyooka. Mara nyingi chanzo ni nyonga au magoti yaliyochakaa. Kuchua hakuponyi kiungo kilicholika, ila hulegeza misuli inayokizunguka, ambayo imejikaza ili kukilinda, na hapo mnyama hupata nafuu.

Wengi hukimbilia mguu unaouma. Tunashauri uanze mbele. Mbwa mwenye afya hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Ya nyuma ikiuma, mzigo wa mbele huzidi, na mabega na shingo huchoka vibaya bila mwenye mbwa kujua.

Mlaze ubavu juu ya blanketi, mahali pakavu. Anayependa kusimama, achuliwe amesimama. Loweka taulo kwenye maji ya moto kiasi, likamue sana, lijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, kisha liweke begani kwa dakika 5 hadi 10. Mkaushe vizuri, kwani manyoya mabichi kwenye baridi huikaza misuli upya. Pitisha kiganja mara tano au sita manyoya yanavyolala, halafu kanda kwa vidole vilivyolala bapa, kwa miduara midogo. Nguvu iwe ile ya kubonyeza parachichi kujua kama limeiva. Ukifika mguuni, sukuma kutoka chini kwenda juu, kuelekea moyoni. Usibonyeze uti wa mgongo wala mfupa wowote. Kaa upana wa vidole viwili pembeni. Jumla dakika 15 kwa siku zinatosha. Ukizidisha, kesho ataamka na maumivu zaidi.

Akigeuka kuutazama mkono, akilamba midomo au akijikaza, punguza nguvu au hamia kwingine. Akinguruma, acha.

Usimpake dawa ya kuchulia ya binadamu: atailamba, na nyingi zina sumu kwake. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu za binadamu, nazo huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.

Usichue penye uvimbe, jeraha au pigo la siku mbili tatu zilizopita, wala mbwa mwenye homa. Homa ya kupe nayo huleta maumivu ya viungo na kuchechemea, ikadhaniwa ni uzee. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39 hivi, hivyo kiganja hakiwezi kukuambia kama ana homa. Tumia kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kikizidi 39.5, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mbwa aliyeanza ghafla kuburuta miguu ya nyuma, au asiyeweza kukojoa, asichuliwe kabisa. Mbebe juu ya ubao bila kumkunja mgongo, afike kwa daktari siku hiyo hiyo.