Chemba za biashara za Walatino Marekani: dhana potofu kuhusu maadili na hesabu zake

Mwaka 1929 wafanyabiashara wenye asili ya Meksiko walianzisha chemba yao ya biashara, yaani chama cha wafanyabiashara, huko San Antonio, Texas. Mwaka 1965 Wakuba waliokimbilia Miami wakaanzisha ya kwao, CAMACOL, na mwaka 1979 ikazaliwa chemba ya taifa, USHCC. Nasema Walatino nikimaanisha watu wa Marekani wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Tukisema Wahispania tutakuwa tumewataja watu wa Uhispania.

Ninaandika kwa sababu Waswahili wenzetu walioko Houston au Minneapolis wakitaka chama cha wafanyabiashara wataongozwa na sheria hizi hizi za kodi, na watakutana na dhana hizi hizi.

Dhana: Chama hakitafuti faida, kwa hiyo ni cha hisani na viongozi hufanya kazi bure

Haya ni mafungu mawili tofauti. Mashirika ya hisani yako chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani. Chemba ziko chini ya 501(c)(6), fungu lililoanza mwaka 1913. Chemba inaruhusiwa kuwashawishi wabunge, na inaruhusiwa kuajiri mkurugenzi na kumlipa mshahara. Ada unayoitoa si sadaka. Kwa kawaida unaihesabu kama gharama ya biashara, ukiondoa ile sehemu iliyotumika kushawishi wanasiasa, na chama ama kikujulishe sehemu hiyo ni kiasi gani, ama kiilipie kodi chenyewe.

Kilichokatazwa ni ziada kuishia mfukoni mwa mtu wa ndani. Chemba nyingi huwa na mfuko wa hisani pembeni kwa ajili ya kusomesha vijana, na hapo ndipo ninapoomba macho yawe makali zaidi. Pesa ya masomo isiguswe kulipia ukumbi wa sherehe, hata kwa ahadi ya kuirudisha wiki ijayo.

Dhana: Ni chama binafsi, hesabu zake ni siri ya wanachama

Hesabu si siri, hata kwa asiye mwanachama. Chama chenye mapato ya kawaida yanayozidi dola 50,000 kwa mwaka hupeleka kwa mamlaka ya mapato, IRS, taarifa ya kila mwaka ya fedha na uongozi wake iitwayo Fomu 990, au ndugu yake fupi, 990-EZ. Mtu yeyote ana haki ya kuomba fomu za miaka 3 ya karibuni. Ukienda ofisini mwenyewe unapewa siku hiyo hiyo kwa kawaida. Ukiomba kwa barua, ndani ya siku 30. Chama kinaweza kusamehewa kutoa nakala ikiwa kimekwisha kuziweka kwenye intaneti.

Ukiipata Fomu 990 kamili, usianze na jumla ya mapato. Nenda Sehemu ya VII: kila mjumbe wa bodi na kila ofisa ameandikwa jina lake na alicholipwa, hata kama ni sifuri. Kisha rudi Sehemu ya VI, mstari wa 5. Hapo chama kinaulizwa kama mwaka huo kiligundua kwamba mali yake imechepushwa kwa kiwango kikubwa, yaani zaidi ya dola 250,000, au zaidi ya asilimia 5 ya mapato au ya mali yote, kile kilicho kidogo zaidi. Jibu likiwa ndiyo, lazima kieleze kwa maandishi kilichotokea. Kwa chama kidogo asilimia 5 si pesa nyingi. Mweka hazina aliyejikopesha kimyakimya anaweza kuishia kwenye mstari ule.

Uwazi huu una mashimo, na ni haki msomaji ayajue. Chama chenye mapato yasiyozidi dola 50,000 hutuma taarifa fupi tu ya kielektroniki ambayo haina hesabu zozote za kusoma. Majina ya wafadhili nayo hayawekwi hadharani. Kampuni kubwa ikilipia mkutano mkuu, mwanachama atalijua jina lake kwenye bango la ukumbini, lakini hataliona kwenye fomu. Mashimo hayo yanazibwa na katiba ya chama na wanachama wanaodai taarifa ya fedha kwenye mkutano wa mwaka.

Dhana: Mgongano wa maslahi ni neno la adabu la wizi

Dhana hii inaumiza watu wema. Mjumbe mwenye kiwanda cha uchapishaji hajaiba chochote kwa sababu tu chama kinahitaji kuchapisha vipeperushi. Amejikuta na maslahi pande mbili, na kwenye bodi ya wafanyabiashara hilo halikwepeki. Kosa linaanza akinyamaza.

Namna ya kulishughulikia haina miujiza. Mjumbe anasema mapema, kabla ya zabuni kufunguliwa, kwamba kiwanda ni chake. Anatoka chumbani. Waliobaki wanalinganisha bei za wachapishaji watatu na kupiga kura, na katibu anaandika kwenye muhtasari nani alitoka, saa ngapi, na kwa nini bei iliyochaguliwa ilichaguliwa. Kikao kijacho kikiuliza, jibu lipo kwenye karatasi.

Fomu 990 nayo inauliza, Sehemu ya VI, mstari wa 2, kama wajumbe wana uhusiano wa kifamilia au wa kibiashara wao kwa wao. Familia kwa maana ya IRS ni mume au mke, wazazi na wazee wao, ndugu wa kuzaliwa, watoto, wajukuu na vitukuu, na wenzi wao. Compadre hayumo. Kwa Walatino, compadre ni baba wa ubatizo wa mwanao, mtu wa ndani kuliko binamu, ambaye si rahisi kumnyima kitu. Mwenyekiti anaweza kumpa compadre wake kandarasi na bado akajaza fomu bila kusema uongo. Kwa hiyo sera ya chama lazima iende mbali kuliko fomu na imtaje compadre kwa jina lake. Sisi tungemtaja mtani, somo, na mtu wa kijiji kimoja.

Dhana: Chama chenye kanuni za maadili zilizoandikwa kiko salama kisheria

Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya chama cha taifa cha wahandisi. Kanuni zao za maadili ziliwakataza wahandisi kushindania kazi kwa bei, kwa hoja kwamba bei za chini zingehatarisha usalama wa umma. Mahakama ilisema kanuni hiyo inavunja Sheria ya Sherman ya 1890, inayolinda ushindani. Mafundi wa chama kimoja wanapokubaliana wasishushiane bei, ili kila mtu apate riziki, wanaona wanasaidiana. Sheria inaona njama.

Dhana: Uanachama ni cheti cha biashara ya jamii za walio wachache

Hapana. Cheti hutolewa na vyombo vingine, kama NMSDC, baraza la taifa la biashara za jamii za walio wachache, baada ya kuhakiki kwamba angalau asilimia 51 ya umiliki iko kwa watu wa jamii husika na kwamba ndio wanaoiendesha biashara. Chemba inayoacha nembo yake itumike kama cheti inawapotosha wanunuzi.

Dhana: Anayetoa taarifa za ubadhirifu anaisaliti jamii

Watu husema, haya ni mambo ya nyumbani, tusiwape wageni cha kutucheka. Naielewa aibu hiyo. Lakini tangu 2002, Sheria ya Sarbanes-Oxley imefanya kuwa jinai kumlipizia kisasi mtu aliyevipa vyombo vya sheria habari za kweli kuhusu kosa la shirikisho, yaani la sheria za serikali kuu ya Marekani, na kuharibu nyaraka ili kuzuia uchunguzi wa shirikisho. Vifungu hivyo viwili vinavihusu hata vyama visivyotafuta faida. Fomu 990 inauliza pia, Sehemu ya VI, mstari wa 13 na wa 14, kama chama kina sera ya kuwalinda watoa taarifa na sera ya kutunza nyaraka.

Mhasibu hutia alama ya ndiyo na kuendelea. Swali ambalo fomu haiulizi ni kama karani wa mapokezi anayesoma Kihispania tu amewahi kuisoma sera hiyo kwa lugha yake, na kama humo ndani kuna jina la mtu wa kumwendea pale ambapo anayelalamikiwa ni mwenyekiti mwenyewe.